Pumba, mbu na mwanga: Ifakara imeshajifunza kusoma protini bila kemikali

UKIFIKA Ifakara msimu wa mavuno, mlio wa mashine za kukoboa mpunga ndio unaokupokea kabla hujauona mchele wenyewe. Nyuma ya kila mashine kuna lundo la pumba, na lundo hilo si takataka. Wafugaji wa kuku, nguruwe na samaki wanalihitaji, wachuuzi wanalifuata, na magari yanayobeba mchele kwenda Morogoro na Dar es Salaam hupakia na viroba vya pumba.

Tatizo ni kwamba hakuna anayejua hasa anachonunua.

Naandika haya nikiwa na kidonda changu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mimi na dada yangu tulifuga kuku 150 wa mayai. Kwa kuwa nimesomea uchumi wa kilimo nilijiona mjanja. Badala ya kununua chakula cha dukani tukachanganya wenyewe: pumba ya mpunga, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa ya mifugo na chumvi kidogo. Kwenye daftari hesabu ilikaa vizuri, protini asilimia 17, kiwango kinachomfaa kuku anayetaga. Mwanzoni trei zilijaa. Kisha tukabadili muuzaji wa pumba kwa sababu huyu mpya alikuwa na bei nafuu kidogo, na ndani ya wiki chache mayai yakaanza kupungua. Tukadhani ni ugonjwa. Tukanunua dawa. Mayai yakazidi kupungua.

Nilirudi sokoni kumwona mama aliyetuuzia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, ile pumba ya safari iliyopita ilikuwa pumba kweli, au ni maganda yaliyosagwa?"

Hakukasirika. Alichota konzi moja ya pumba akanionyesha. "Mwanangu, mimi nanunua kwa macho na nauza kwa macho. Wewe msomi, umekuja na kipimo?"

Sikuwa nacho. Nilichukua sampuli nikaipeleka kwenye maabara moja, na majibu yalipofika kuku walikuwa wameshauzwa kwa bei ya nyama.

Swali la yule mama ndilo lililonifanya nifuatilie jambo ambalo kwa kawaida halimo katika kurasa hizi: namna ya kutambua protini kwa mwanga, bila kuipaka rangi, bila kuichemsha katika tindikali, bila kuifunga alama yoyote. Nilishangaa kukuta kwamba moja ya sehemu zilizofanya kazi kubwa ya aina hiyo Afrika iko hapa hapa Ifakara. Ila haikufanya kwa pumba. Ilifanya kwa mbu na kwa damu.

Bei moja, vyakula viwili

Kwanza tuelewane kuhusu hasara yenyewe. Pumba halisi, ile tabaka laini linalotoka juu ya mchele wakati wa kukoboa, ina protini ya asilimia 12 au zaidi kidogo, na mafuta mengi. Ganda la nje la mpunga lina protini ya asilimia 2 au 3 tu, na sehemu kubwa ya majivu yake ni silika, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Mashine kubwa zenye hatua mbili hutenganisha ganda na pumba. Mashine nyingi ndogo za mitaani hukoboa na kuponda vyote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kinachotoka ni mchanganyiko hata kama hakuna mtu aliyekusudia kudanganya. Ukisaga mchanganyiko huo uwe laini, jicho halitofautishi.

Tuseme kiroba cha kilo 50 kinauzwa Sh15,000. Kama ni pumba halisi ya asilimia 12, umenunua kilo sita za protini na kila kilo imekugharimu Sh2,500. Kama nusu yake ni maganda yenye asilimia 3, kiwango kinashuka hadi asilimia 7.5, yaani kilo tatu na robo tatu za protini. Sasa kila kilo imekugharimu Sh4,000. Bei ya kiroba ni ile ile, kumbe umelipa zaidi kwa asilimia 60. Na huo ni mwanzo tu, maana hasara ya mayai haimo katika hesabu hiyo.

Mwenye pumba safi naye anaumia. Akikutana na mnunuzi asiyeweza kupima, atalipwa bei ya mchanganyiko. Mwishowe anaona hana sababu ya kutenganisha, anaruhusu vyote viende pamoja. Wachumi wamelijadili sana jambo hili: pasipo kipimo, bidhaa duni huifukuza sokoni bidhaa nzuri.

Kipimo kinachodanganywa na urea

Mtu atauliza, je, maabara hazipo? Zipo. Kuna maabara ya lishe ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) nao hupima vyakula vya mifugo. Ila kutoka Ifakara hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 200, na njia ya kawaida inayotumika duniani kupima protini ni ya zamani sana. Ilibuniwa mwaka 1883 na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, aliyekuwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Unachemsha sampuli katika tindikali kali ya salfa mpaka iyeyuke, unaikusanya naitrojeni iliyotoka, kisha unazidisha kwa 6.25. Jibu ndilo linaloitwa protini.

Ona vizuri hapo. Kinachopimwa si protini, ni naitrojeni. Na mkulima yeyote wa mpunga anaijua naitrojeni inauzwa wapi. Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46. Mtu akichanganya kilo mbili za urea katika kilo 98 za ule mchanganyiko wetu wa maganda wenye asilimia 7.5, kipimo cha Kjeldahl kitasoma asilimia 13 na ushee. Karatasi ya maabara itasema pumba safi. Ng'ombe anaweza kuitumia urea kidogo kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake, ingawa ikizidi inamuua. Kuku haimfai kitu.

Usidhani hizi ni hadithi za kutishana. Mwaka 2008 nchini China ilibainika kwamba maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa melamini, kemikali ya viwanda vya plastiki yenye naitrojeni asilimia 66, ili yapite kwenye kipimo cha protini. Watoto wachanga sita walikufa na karibu 300,000 waliugua, wengi kwa mawe katika figo. Mwaka mmoja kabla yake melamini ilikuwa imekutwa katika chakula cha mbwa na paka kilichouzwa Marekani. Walanguzi wale hawakuvunja kipimo chochote. Walikijua kipimo kuliko wapimaji.

Baada ya hapo maabara nyingi duniani zilielekeza nguvu kwenye njia zinazoangalia molekuli yenyewe.

Kugonga tikiti

Anayenunua tikiti maji hulipiga kwa kidole akasikiliza. Anayenunua chungu hukigonga ajue kama kina ufa. Hapasui, hamwagi maji ndani, anasikiliza tu jinsi kinavyotikisika. Kupima kwa mwanga ni jambo la namna hiyo. Kila molekuli ina viungo vinavyotikisika kwa mwendo wake maalumu, na mwanga ukiipiga, hutoka na habari za mtikisiko huo.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Sampuli inameza baadhi ya mawimbi na kuacha mengine, na mashine inachora mchoro wenye vilima na mabonde. Protini hujitambulisha kwa vilima viwili vinavyojulikana, kimoja karibu na namba 1,650 na kingine karibu na 1,550 katika vipimo vya wataalamu. Mafuta yana vilima vyao, wanga una vyake, silika ya maganda na mchanga ina chake kikubwa.

Ya pili inaitwa Raman, kwa jina la Mhindi C. V. Raman aliyeigundua Calcutta mwaka 1928 na kupata Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye. Hapa unapiga sampuli kwa mwanga wa rangi moja, siku hizi leza. Karibu mwanga wote unarudi na rangi ile ile. Chembe moja tu katika mamilioni hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na badiliko hilo ndilo lenye habari. Uzuri wake ni kwamba maji hayaisumbui sana, wakati infraredi huhangaishwa nayo. Ubaya wake ni unyonge: sauti ni ndogo mno.

Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walipima kemikali iliyogusana na kipande cha madini ya fedha kilichokwaruzwa, wakaona sauti imekuwa kubwa ajabu. Miaka mitatu baadaye timu nyingine zikaeleza kwamba haikuwa wingi wa kemikali bali ni fedha yenyewe, kwani uso wake wenye mikwaruzo midogo sana hukusanya nguvu za mwanga kama spika inavyokuza sauti, mara milioni moja na zaidi. Dhahabu nayo hufanya hivyo. Leo watu hutumia chembechembe za fedha au dhahabu zisizoonekana kwa macho, wanatonesha juu yake tone la maziwa, damu au maji yenye protini, kisha wanapiga leza. Melamini, kwa mfano, hujitokeza kwa mwiba mrefu karibu na namba 680. Haijali mtu alizidisha naitrojeni kwa ngapi.

Wataalamu wanasifu njia hizi kwa kusema zinasoma protini "bila alama". Maana yake ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kile tunachokiita mRDT. Ule mstari mwekundu unaojitokeza si rangi ya malaria. Ni chembechembe za dhahabu zilizofungwa kwenye kingamwili, nazo kingamwili zimetengenezwa zikamate protini moja ya kimelea iitwayo HRP2. Hiyo dhahabu ndiyo alama. Kipimo kinaona kile tu kilichofungiwa alama. Kimelea kikikosa protini ile hakionekani, na hilo lilitokea kweli nchini Eritrea katika miaka ya 2010, wagonjwa wakapimwa na kuambiwa hawana malaria wakati wanayo. Kupima bila alama hakutafuti kitu kimoja ulichokiandaa, kunachora vyote vilivyomo.

Dagaa zetu zinafanana na jambo hilo. Ukiwa na kipimo cha urea utaiona urea. Mjanja akitia kitu kingine, huna habari.

Mbu wa Ifakara

Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950 na imekuwa ikitafiti malaria kwa miongo mingi. Kwa mkulima wa bonde hili jambo hilo si la mbali. Mpunga unaopendeza kwa maji ndiyo nyumba ya mbu, na msimu wa kulinda ndege familia nyingi huhamia mashambani na kulala kwenye madungu na vibanda visivyo na milango. Siku za homa wakati wa palizi ni magunia yanayopungua wakati wa mavuno.

Watafiti walikuwa na swali lililowasumbua: mbu huyu ana umri gani? Kimelea cha malaria kinahitaji siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza mtu, kwa hiyo mbu mzee ndiye wa hatari. Chandarua na dawa ya kupuliza vikifanya kazi, mbu wazee hupungua. Lakini mbu hana meno ya kuhesabu kama ng'ombe. Njia ya zamani ni kumpasua chini ya hadubini, mmoja mmoja.

Mwaka 2009 Valeriana Mayagaya wa Ifakara na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa mwanga wa infraredi ya karibu. Walishirikiana na kituo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kilichoko Manhattan, jimbo la Kansas. Msomaji asikie hapo: Wizara ya Kilimo. Timu ile ya Kansas ilikuwa imebobea katika kupima punje za ngano kwa mwanga, ubora wake na protini yake. Ujuzi wa ngano ukahamishiwa kwa mbu, na ukaweza kutofautisha mbu kijana na mbu mzee kwa usahihi wa asilimia 80 hivi.

Baadaye Ifakara na Chuo Kikuu cha Glasgow waliingia kwenye infraredi ya kati, ile inayoonyesha vilima vya protini waziwazi. Ngozi ngumu ya mbu ina protini, nta na kitini, na mchanganyiko huo hubadilika kadiri anavyozeeka. Kazi iliyochapishwa mwaka 2022 ikiongozwa na Doreen Siria ilitumia mbu zaidi ya 40,000 wa Tanzania na Burkina Faso.

Lakini iliyonivutia zaidi ni ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Emmanuel Mwanga. Walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ya watu 296 kutoka kata 12 za kusini mashariki mwa Tanzania. Kila tone likapigwa infraredi, kompyuta ikafundishwa kutofautisha, kisha majibu yakalinganishwa na kipimo kikali cha vinasaba. Mwanga ulipatia mara 92 katika kila 100. Hakuna kemikali iliyotumika, ni karatasi na mwanga tu. Mwaka huo huo wakaonyesha pia kwamba mwanga unaweza kusema mbu amekunywa damu ya nani: mtu, ng'ombe, mbuzi au kuku.

Nisieleweke vibaya. Huo bado ni utafiti. Ukiwa na homa nenda zahanati ukapimwe kwa kipimo kilichopo. Ninachosema ni kwamba mashine inayoweza kutofautisha damu ya mbuzi na ya kuku ndani ya tumbo la mbu haiwezi kushindwa na pumba na maganda.

Kwa nini basi haiko sokoni

Jibu la haraka ni bei. Mashine nzuri ya infraredi ya kati inafika makumi ya mamilioni ya shilingi, na zile za Raman za kushika mkononi haziko mbali na hapo. Hata hivyo, nikiangalia kama mchumi, mashine si gharama kubwa kuliko zote. Gharama kubwa ni kuifundisha.

Mashine haijui pumba. Inachora vilima tu. Ili ijue kwamba mchoro huu ni asilimia 12 na ule ni asilimia 7, lazima ionyeshwe mamia ya sampuli ambazo majibu yake tayari yanajulikana kutoka maabara ya kawaida, sampuli za Supa na za SARO 5, za Mlimba na za Malinyi, za masika na za kiangazi, za mashine kubwa na za mashine ndogo. Ukiifundisha kwa pumba ya Thailand ukaileta Ifakara itakupa namba, nazo zitapendeza, na zitakuwa za uongo. Watafiti wa mbu walijifunza hivyo hivyo: mashine iliyofundishwa kwa mbu wa kufugwa ilitetereka ilipoletewa mbu wa porini. Ndiyo maana wakahitaji mbu elfu arobaini.

Hapo ndipo ninapowaonya wafanyabiashara wenzangu. Kuna vifaa vidogo vinavyouzwa mtandaoni, vingine vinaunganishwa na simu, vinavyodai kupima protini ya chochote. Kabla hujatoa hela uliza swali moja: kimefundishwa kwa sampuli za wapi? Muuzaji akizunguka zunguka, mshukuru na uondoke.

Hiyo Raman ya chembe za fedha nayo, pamoja na uzuri wake, naiona iko mbali zaidi na ghala la mkulima. Inasoma kile tu kilichogusa fedha. Protini ni kubwa na laini, ikishika kwenye chuma inaweza kubadilika umbo, na tone lile lile likipimwa sehemu mbili za kibao linaweza kutoa sauti mbili tofauti. Inafaa kwa kunasa sumu na vitu vya udanganyifu vilivyo kidogo sana, katika maziwa kwa mfano. Kwa kujua kiroba kina protini kiasi gani, infraredi inatosha na imeshazoeleka. Raman ya kawaida, isiyo na fedha, imeshatumika Afrika kukagua dawa bandia. Nigeria ilianza kutumia mashine za mkononi za aina hiyo mwaka 2010.

Na kwa nafaka wenzetu walianza zamani. Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani ndiye anayetajwa kuwa baba wa kupima nafaka kwa infraredi ya karibu. Mwaka 1975 Kanada ikaachana na Kjeldahl kwa ngano yake na kuhamia kwenye mwanga, hivyo mzigo ukaweza kupangwa kwa protini yake na ngano yenye protini nyingi kuuzwa kwa bei ya juu. Karibu yetu, taasisi ya mifugo ya ILRI huko Addis Ababa hupima malisho kwa njia hiyo, na kituo cha kilimo mseto cha ICRAF kilichoko Nairobi hupima udongo kwa infraredi ya kati, mashine za jamii ile ile iliyopima mbu wa Ifakara.

Hata hapa bondeni mwanga tayari unamlipa mkulima. Mkulima wa miwa wa Kidatu halipwi kwa tani peke yake, analipwa pia kwa kiasi cha sukari kilichomo, na duniani kote utamu wa maji ya miwa hupimwa kwa kuangalia jinsi yanavyoupinda mwanga. Mashine inakaa kiwandani kwa mnunuzi, mkulima analetewa namba. Wakulima wa miwa wanajua maneno yanayofuata namba hiyo. Kwa hiyo mashine ya pumba au ya mchele ikija kesho, swali la kwanza la ushirika lisiwe inapima vipi. Liwe itakaa ghala la nani, na nani ataikagua kama Wakala wa Vipimo anavyokagua mizani.

Hesabu ya mashine moja

Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue mashine ya Sh60 milioni itakayodumu miaka mitano, yaani Sh12 milioni kwa mwaka. Mpimaji, umeme na matengenezo tuweke Sh12 milioni nyingine. Ikipima sampuli 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ni sampuli 5,000. Kila sampuli inagharimu Sh4,800. Kama sampuli moja inawakilisha mzigo wa viroba 100, ni Sh48 kwa kiroba. Linganisha na ule mfano wa mwanzo, ambapo mnunuzi alipoteza zaidi ya Sh5,000 katika kiroba kimoja bila kujua. Mtu mmoja hawezi kununua mashine hiyo. Wenye mashine za kukoboa wa mji mmoja wakiungana na wafugaji, haionekani kuwa mbali. Gharama ya kuifundisha sikuiweka humo, kwa sababu naamini hiyo ni kazi ya vyuo na vituo vya utafiti, na ikifanyika mara moja vizuri inatumika na wote.

Mpaka hapo, fanya haya. Bana pumba kwenye kiganja: yenye mafuta hushikana ikabaki na alama za vidole, yenye maganda mengi humwagika kama vumbi. Tia konzi ya dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utatua chini kwanza. Pima uzito wa debe la pumba unayoiamini, uandike, ulinganishe na debe la kila mzigo mpya; maganda huwa mepesi. Ukipeleka sampuli maabara usichote juu ya kiroba kimoja. Chukua kidogo kutoka viroba vingi, juu, katikati na chini, changanya, gawa hadi ibaki nusu kilo, kausha, funga na uandike tarehe. Nusu nyingine ibaki kwa muuzaji ikiwa imefungwa mbele yenu wote wawili. Na maabara iombwe, pamoja na protini, ipime na majivu, kwani maganda na mchanga huyapandisha majivu hata kama urea imeipandisha protini.

Yule mama wa sokoni bado anauza pumba. Nilimweleza habari za mwanga na nikampa hesabu ya Sh48. Akauliza kama mpimaji atakuwa anakuja na mashine asubuhi, kabla magari ya Dar es Salaam hayajapakia.